Blauzi ya Kijani ya Eneida

Mtaani Condado, mjini Santa Clara, Eneida Quintero alikuwa na majina mengi. Majirani walipohitaji sabuni walimwita dada. Wakishasikia bei, walimwita mlanguzi. Mwenyewe alijiita mtu wa huduma, na alilitamka neno hilo kwa uso mkavu wa mwalimu aliyefundisha kemia miaka ishirini na miwili. Mtu akitaka kujidanganya huanza hivyo, kwa kujichagulia neno zuri.

Kilichomlisha ni desturi ya foleni. Huko Kuba mtu hafiki akasimama tu. Hupaza sauti, "Wa mwisho nani?", akijibiwa huuliza mwenzake yuko nyuma ya nani, kisha huenda zake, maana atakayefuata atamkumbuka: yule mwenye kofia, yule wa mfuko mwekundu. Kwa uaminifu huo wa watu wasiojuana, Eneida aliweza kuwa katika foleni nne asubuhi moja. Na pale ambapo kila mtu huuziwa mara moja tu, alibadili blauzi, akajifunga kilemba, akarudi akiwa mtu mwingine.

Julai hiyo, hata hivyo, alikuwa na haja yake mwenyewe. Mama yake, bibi Hortensia, miaka tisini na mmoja, alikuwa hatoki kitandani, na mgongo ulishaanza kuchubuka kwa jasho. Feni yao ilikufa mwezi Mei. Daktari wa mtaa hakuzunguka: "Mtafutie upepo huyu mama, la sivyo joto litamwahi kabla ya uzee."

Ndipo duka la mjini likaletewa feni thelathini. Eneida aliwahi, akahesabu vichwa, akajikuta wa ishirini na sita. Nyuma yake akaja mzee Wilfredo, mstaafu wa reli.

"Mzee wangu, mimi niko nyuma ya yule bwana wa mwavuli. Narudi sasa hivi."

"Nenda tu, mama. Nimeshakukariri, blauzi ya kijani."

Mtu mwingine angekaa palepale. Lakini ng'ambo ya barabara walikuwa wanauza kuku, na Eneida hakuzaliwa kupita kuku hivihivi. Alinunua wa kwanza, akaingia uchochoroni, akavua ya kijani na kuvaa ya njano. Mwanamke mmoja mgeni, Odalis, alikuwa akimtazama.

"Dada, hiyo uliyovua unaiuza?"

Eneida aliitaja bei kabla hajafikiri. Odalis akaivaa hapohapo, akaondoka anajitazama kwenye vioo vya maduka. Eneida, kilemba kichwani, akarudi kwa kuku wa pili.

Foleni ya kuku ilijikokota. Ya feni ikakimbia. Odalis akapita mbele ya duka wakati bwana wa mwavuli anatoka na boksi lake, na mzee Wilfredo, ambaye macho yake yalistaafu pamoja naye, akaanza kupiga kelele:

"Mama wa kijani! Wee mama wa kijani, zamu yako, tunaungua na jua!"

Odalis hakuwa mtu wa kubishana na bahati. Akaingia.

Eneida alifika anahema, kuku wawili wanamchuruzika. "Mzee, mimi niko mbele yako."

"Mbele yangu ni blauzi ya kijani, nayo imeshaingia."

"Blauzi hiyo ni yangu!"

"Sasa mbona umevaa njano?"



"Leo mko wangapi, mwalimu?" kijana mmoja akadakia. "Kwenye kuku nimewaona wawili!"

Watu wakaangua kicheko. Eneida akasema ukweli, kwa sauti ndogo ambayo darasani hakuwahi kuitumia: "Jamani, ni ya mama yangu. Anaumwa."

"Hata wiki jana alikuwa anaumwa," akajibu mama mmoja, "ukaniuzia sabuni yake."

Hakuna aliyempisha. Ukweli wake ulikuwa kamili, ila alikuwa ameshautumia sana ukiwa uongo.

Feni ya thelathini ikaondoka, mlango ukafungwa. Odalis alikuwa bado kivulini na boksi lake, anasubiri, kama mtu ajuaye kazi.

"Dada," Eneida akaanza, "hiyo feni..."

"Mara mbili ya bei ya dukani," Odalis akasema. "Na kuku mmoja."

"Mlanguzi!" Eneida akafoka, sauti ya kemia imerudi yote. "Mlanguzi mkubwa wee, huna haya!"

Mtaa mzima ukalipuka. Mzee Wilfredo alilazimika kuushika ukuta. Eneida aliwatazama mmoja mmoja, kisha naye akacheka, kicheko cha mtu aliyejigonga kidole kwa nyundo yake mwenyewe. Akalipa, wala hakuomba apunguziwe.

Jioni bibi Hortensia alilala kifudifudi, nywele nyeupe zikipeperuka.

"Umeipataje, mwanangu?"

"Nimeuziwa na mwanamke mmoja, mama."

"Bei ya haki?"

"Hapana."

"Walanguzi hao! Wamelelewa na nani?"

Eneida aliigeuza feni kidogo, upepo ufike mgongoni.