Fundi wa Vibao vya Namba

Fundi wa vibao vya namba za magari hapa mtaani kwetu Rochdale, Uingereza, hupangusa kila kibao kipya kwa mkono wa sweta, akakifunga, akavuka barabara hadi kwenye duka la chipsi, kisha akasoma namba kwa sauti kama mwalimu anayeita majina. Mteja mwenye kibao chenye ufa, fundi humsonya: "Polisi wakisome kwa kupapasa?" Asiyesonywa ni mjane mmoja tu, Bi. Hargreaves, ambaye kila mara hurudi na kibao kilichopasuka. "Ule ukuta umenifuata tena, fundi," husema, nasi kwenye foleni ya chipsi tukavunjika mbavu.

Jana vilipasuka vyake vyote viwili, cha mbele na cha nyuma. Fundi alifunga vipya huku akipiga soga naye, akavuka barabara, akafungua kinywa asome, ndipo akaona. Cha njano, ambacho kisheria hukaa nyuma, kilikuwa mbele, na cheupe nyuma, kosa ambalo mwenzake akilifanya yeye humcheka mwezi mzima. Masikio yakamwiva. Akarudi kuvibadilisha, bisibisi ikimponyoka.

"Kesho uje, bibie," akasema bila kuinua macho. "Usigonge kitu. Uje tu, chai ipo."

"Maskini ukuta," akajibu Bi. Hargreaves. "Utanikosa nikija kwako."