Wakubwa

Nikipita karibu na kiwanda cha chai asubuhi, ile harufu ya majani yanayokaushwa, tamu kidogo na chungu kidogo, hunirudisha kwenye chumba kimoja cha mabati nilimolelewa. Kilikuwa nyumba ya kampuni. Mama alichuma chai katika shamba kubwa upande wa Kapsoit, na tuliishi kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi, pamoja na familia nyingine za wachumaji, wengi wetu tukiwa tumetoka kandokando ya ziwa.

Neno nililolisikia kila siku pale lilikuwa wakubwa. Zahanati ilipofungwa, wakubwa walikuwa wameamua. Maji yalipokatwa mchana, wakubwa tena. Nilikuwa na miaka minane, na nilidhani ni watu wenye miili mikubwa. Siku moja kanisani aliingia mgeni mnene kiasi kwamba benchi lililia, nikamvuta Mama nguo nikamnong'oneza kuwa mkubwa amekuja. Mama alicheka mpaka akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Kumbe yule bwana alikuwa fundi wa makochi kutoka Kiptere, mji mdogo wa jirani.

Nilipouliza wanakaa wapi, niliambiwa wako juu. Basi nikawa natazama kilimani, kwenye nyumba ya meneja iliyozungukwa na mikaratusi, nikingoja washuke.

Hawakushuka. Zilishuka mashine. Mashine moja ilibebwa na watu wachache tu, ikinguruma na kunyoa chai sawasawa kama kichwa cha mtoto wa shule. Jioni ile wanawake waliketi mlangoni wakihesabu mashine moja ingechukua kazi za wachumaji wangapi. Mama aliendelea kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Wiki iliyofuata akaja Mzee Rono, nyapara wa wachumaji, Mkipsigis mpole aliyezoea kutuletea mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Safari hii alikuja mikono mitupu. Hakukubali kuketi.

"Mama Akinyi," alisema, "wakubwa wameamua. Kazi imeisha, na nyumba inatakiwa mwisho wa mwezi."

"Wakubwa gani, mzee?"

"Wakubwa tu."

"Si wana majina? Niambie mmoja, niende nimuulize."

Mzee Rono alitazama sakafu ya simiti. "Nilimuuliza meneja. Akasema hata yeye ameambiwa tu. Mimi hao watu sijawahi kuwaona, mama."

Nilingoja Mama apige kelele, kwa maana alikuwa na sauti. Alisema tu, "Asante kwa kutuambia, mzee," akamtilia chai. Akainywa akiwa amesimama. Nilimchukia mzee. Mama sikumwelewa. Nilikaa kitandani nikitazama mabati, kichwa changu kikiwa kama mguu uliokufa ganzi.

Tulihama siku ya mvua. Mzee Rono alikuja kubeba kitanda chetu. Nilikataa kumwamkia, na Mama hakunilazimisha. Watu wa kwao Mama walikuwa wakimtaka arudi ziwani. Alipanda lori akamwambia dereva, "Kiptere." Jirani akauliza nani ameamua hivyo. "Ni mimi," Mama akajibu, kwa sauti ileile ambayo angeagizia chumvi dukani.

Huko Kiptere Mama alianza kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, nami nikasomea hapo mpaka nikamaliza shule.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza kwa nini siku ile hakumgombeza Mzee Rono.

"Ningemgombeza aje?" alisema. "Mke wake alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. Na yeye alikuwa ameachishwa. Walimwambia amalize kutuambia sisi, halafu aende."

Kumbe yule mzee alipotuambia nyumba inatakiwa, yake pia ilikuwa inatakiwa, na alikunywa chai yetu bila kututajia. Nilikuwa nimelitafuta lile neno wakubwa kilimani na kanisani, nikitaka liwe na uso ili niuchukie. Halikuwa na uso. Lilikuwa limetengenezwa hivyo makusudi, ili kila anayeulizwa aoneshe juu, na atakayelisema mlangoni mwako awe mtu mliyezoeana, ambaye naye anafukuzwa. Mama alilijua hilo akiwa ameshika birika. Mimi nilimnyima mzee salamu, na alishafariki kabla sijajua.