Ndizi za Bi Shufaa

Tangu jiko la mgahawa alikokuwa mpishi liungue naye akiwa ndani, Dusabe hajadumu na kazi. Mikono ilipona zamani, ila moto hawezi hata kuutazama. Leo Bi Shufaa, mwenye hoteli ndogo pale Kihanga, alimpa nafasi ya upishi. Dusabe akaanza kumenya ndizi. Akamenya, akamenya, kuni zikimsubiri.

"Ndizi zote hizo ni za harusi ya nani, mwanangu?" Bi Shufaa akatania, akawasha moto mwenyewe.

Moshi ulipopanda, Dusabe alikuwa ameshafika barabarani, kisu mkononi. Akarudi taratibu, akaishia mlangoni.

"Mama, niwe nakuja kumenya tu?"

"Hapa anayemenya ndiye anayepika."

Dusabe akakiweka kisu kizingitini, akashika njia ya kwao Igurwa, utomvu ukimnata viganjani.