Nyanya za Lindi

Leo mama amekata tunda damu jikoni, na harufu yake imenirudisha kwenye chumba chetu cha kwanza, Lindi; si Lindi ya Tanzania, bali mtaa wa Kenya wenye jina hilohilo.

Tulikuwa tumetoka Tanzania majuzi tu. Niliogopa kuongea, maana kila nikisema "naomba" watoto wa ploti, yaani wa vyumba vya kupanga tulimoishi, walicheka. Wao husema "nipe". Basi mama aliponituma nyanya, nilifika kwa mama mboga nikanyoosha kidole tu. Zilikuwa nyekundu, nyororo, ndefu kidogo kama yai. Nikajiambia, kumbe nyanya za Kenya ndizo hizi.

Mama alizikaanga na dagaa. Mchuzi ukatoka wa zambarau, mchachu mpaka tukakunja uso. Akanirudisha nikaulize, na safari hii ilibidi nifungue mdomo.

"Shikamoo. Naomba kuuliza, mbona nyanya zako ni chachu?"

"Ati umepika matunda damu? Na omena?" Mama mboga alicheka hadi akashika meza. "Woi, mrembo, si ungeuliza tu! Hiyo ni ya kula hivyo."

Watoto wa ploti walishajaa nyuma yangu, wakicheka pia. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mboga akakata moja katikati, akanyunyiza sukari, akanipa kijiko. Mbegu nyeusi, maji mekundu kama damu kweli, utamu kwanza halafu uchachu kwa nyuma. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, yule msichana aliyekuwa akinicheka kuliko wote alikuwa amenyoosha mkono.

"Naomba," akasema.