Nilipewa kisu cha baba mkwe nikifanyie majaribio, kikatoa ripoti chenyewe mbele ya wazee

Wakuu, heshima zenu: wa Dar, wa Nairobi, wa Goma, na sisi wachache wa Kampala ambao mnatucheka ngeli zetu.

Hii si chai. Suruali ninayotaka kuwasimulia ninayo mpaka leo, na anayebisha aje Mbuya nimwoneshe tundu.

Mnijue kwanza. Nimezaliwa kota za jeshi, baba Mwacholi, mama Muganda, kwa hiyo nyumbani tulisikilizana kwa Kiswahili. Sasa hivi natunza stoo kwenye ghala la vipuri kule viwandani Bugolobi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufungua maboksi. Naomba mlikumbuke hilo la maboksi.

Nilikuwa na mchumba, Stella. Baba yake, Mzee Olum, alikuwa fundi wa bunduki jeshini hadi alipostaafu.

Watu wa aina hii hawastaafu, wakuu. Wanabadilisha tu kitu cha kufungua na kufunga. Mzee alihamia kwenye visu vya kukunja: bapa anachonga kutoka springi ya gari kuukuu, mpini ni pembe la ng'ombe wa Ankole, loki ya kuzuia bapa lisifunguke wala kujifunga ovyo anatengeneza mwenyewe kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Ndoto yake ilikuwa kuvipeleka kwenye maduka ya Nakasero yanayouzia watalii.

Siku ya kwanza Stella aliponipeleka kwao, mzee hakuniuliza kabila wala dini. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nafungua maboksi.

Akaingia ndani, akarudi na kisu kimepakwa grisi na kuviringishwa kwenye kitambaa.

"Hii ni Namba Tatu," akasema. "Tumia. Siku mtakuja na wazee wako, utanipa ripoti. Kama inashinda Namba Moja na Namba Mbili, sema. Kama haishindi, sema."

Nikapokea kwa mikono miwili. Njiani nikamuuliza Stella hizo Namba Moja na Mbili ziko wapi. Akacheka mpaka akasimama. Wanazo waume wa dada zake. Kumbe kila anayeposa nyumba ile hupewa kisu.

Sasa huwezi kulinganisha kitu na kitu ambacho hujakiona. Nikaenda kuwatembelea hao waume, wanyumba wangu watarajiwa.

Wa kwanza ni Denis, askari polisi, mume wa dada mkubwa, anakaa flati za Bugolobi. Namba Moja aliitoa kwenye droo ikiwa imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikamuuliza tyubu ya nini. Akanionesha kovu kwenye kidole. Ukikata kitu, kisu kinakufungia vidole. Ukikiweka mfukoni, kinafunguka. Kinafanya kinavyojisikia.

Nikauliza ripoti yake kwa mzee ilisemaje. Akasema alimwambia kinafunguka laini sana.

Wa pili ni Musa, ana kibanda cha viungo sokoni Nakasero. Namba Mbili niliikuta mezani pake inaponda vitunguu saumu. Nikajaribu kuifungua kwa kucha, kucha ikavunjika. Nikajaribu kwa bisibisi, Musa akaniambia nisijisumbue, yeye alishaipeleka hadi kwa fundi wa pikipiki.

Mnajua Kampala huingii jengo lolote bila kukaguliwa na askari mlangoni. Musa anasema siku moja alisahau akaingia nayo benki. Askari akaikuta, akahangaika nayo, akampa mwenzake naye akahangaika, kisha wakamrudishia. "Ssebo (yaani bwana), hii si kisu. Hii ni chuma tu. Pita."

Ripoti ya Musa kwa mzee? Kwamba kisu hiki hakiwezi kufunguka ovyo. Na kweli hakijafunguka.

Nikawauliza wote wawili kwa nini hawakusema ukweli. Jibu lilikuwa moja. Kabla ya Musa kulikuwa na kijana mwingine aliyemposa dada wa pili, huyu ambaye sasa ni mke wa Musa. Alikikosoa kisu cha mzee, akarudishwa kwao na mbuzi wake. Habari hiyo ilitembea Mbuya nzima.

"Wewe ambia mzee kisu iko mzuri, basi," Denis akanishauri. "Kwani unakuja kuoa kisu?"

Nikaona mtu ana hoja.

Lakini niwe mkweli kwa Namba Tatu, maana niliitumia kweli. Ilikata maboksi, kamba, mikanda ya plastiki, na mara moja mua wa Stella. Makali hayakunipotezea muda. Mpini ulikaa kiganjani vizuri kuliko panga la marehemu babu. Kwa kukata, ilikuwa imewaacha ndugu zake mbali sana.

Tatizo lilikuwa loki. Ikibanwa pembeni kidogo, inaachia. Mara ya kwanza ilifunguka kwenye aproni yangu kazini. Mara ya pili ilifunguka kwenye mfuko wa ununuzi ikatoboa pakiti ya maziwa, nikapanda boda hadi nyumbani nikidondosha maziwa kama ng'ombe.

Kwa hiyo nilijua, wakuu. Nilikuwa najua kabisa, na bado nikaamua kumsifia mzee. Nilimpenda Stella kuliko nilivyoupenda ukweli wa springi.

Siku ikafika. Msemaji wetu alikuwa mjomba, kaka yake mama, mtu wa mila hasa. Wiki nzima alinifundisha jambo moja tu: mama mkwe. Usimpe mkono. Usikae karibu naye. Mkikutana mlangoni, rudi nyuma. Kwa Waganda, mkwe na mama mkwe kugusana ni mwiko mkubwa, na hata nguo yake huigusi. Alirudia hadi nikaanza kuota nimemkanyaga.

Nilishonesha suti ya kijivu. Namba Tatu niliiviringisha kwenye leso ya mkononi, nikaitia mfuko wa suruali, tayari kuitoa wakati wa ripoti.

Sebule ilijaa. Wazee wa kwao upande huu, wazee wetu upande ule, Denis na Musa pembeni kama mashahidi. Stella na dada zake walikuwa nyuma ya pazia, nikawa naona vidole vyao vya miguu.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Mjomba akasema yake, wakajibu yao, soda zikafunguliwa. Kisha Mzee Olum akainua mkono. Akasema kabla hajatoa jibu la binti, anataka ripoti.

Nikaanza nikiwa nimekaa, sauti nzito. Nikasema Namba Tatu imezishinda zote mbili. Nikasifu makali, na hapo sikudanganya. Nikasifu mpini. Mzee akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, macho kwangu. Nikapata moyo, nikaongeza chumvi.

"Na loki, mzee," nikasema, "loki ni imara kama geti ya benki."

Tik.

Nilisikia chuma baridi kwenye paja.

Sifa zikaishia hapo. Watu wakadhani nimezidiwa na hisia. Mzee akatabasamu, akasema nisimame niwaoneshe wazee kisu chenyewe.

Nikabaki nimekaa.

Akarudia. Mjomba akanipiga kiwiko, akaninong'oneza kwamba nawaaibisha. Nikajaribu kujiinua kidogo tu, nikasikia kitambaa kinasema kraaa, kuanzia mfukoni kwenda sehemu ambayo siwezi kuiandika humu. Sebule nzima ilisikia. Nikarudi kitini.

Nikamtazama Denis, anakagua dari. Musa ameinama anasoma kizibo cha soda.

Wakuu, nilifikiria kusema mguu umekufa ganzi. Nilifikiria kusema tumbo. Kisha nikaviona vile vidole vya Stella chini ya pazia, vimekunjamana kwa woga, nikaona huu mzigo sitaweza kuubeba maisha yote.

"Mzee, nimekudanganya," nikasema. "Kisu imefunguka ndani ya suruali sasa hivi. Na si mara ya kwanza. Nikisimama, watu wataona kila kitu."

Aliyekuwa anakunywa soda alibaki nayo mdomoni.

Kisha kutoka mlango wa jikoni kitu kikaruka, kikapita juu ya wazee, kikatua mapajani mwangu. Leso kubwa ya kujifunga, nyekundu. Ya mama mkwe. Ameivua kiunoni mwake mwenyewe.

"Funga hiyo, mwanangu," akasema. "Na suruali iletwe nishone."

Mjomba akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alitoa mguno ambao sijausikia tena.

Nikajifunga, ningefanyaje? Wakati nasimama kugeuka, watu wakaanza kukohoa kohoa. Leso ilikuwa na maandishi, na yalikuwa yamekaa sawia kabisa makalioni: NANI KAMA MAMA.

Nikamgeukia mzee nikitarajia matusi. Kumbe mzee alikuwa ameshasogeza soda zote pembeni ya meza.

"Usitoe kisu," akaniambia. "Acha kama iko. Lete suruali polepole."

Suruali yangu ikalazwa mezani mbele ya koo mbili. Mzee akavaa miwani. Akaniuliza nilikaa vipi, nimeegemea upande gani, funguo zilikuwa mfuko huo au mwingine. Akapitisha kidole kwenye mpasuko. Akakuta ile leso ya mkononi ndiyo ilikuwa inakandamiza loki kila nikiinama. Akasema "eeh" kama mtu aliyekula ugali baada ya safari. Wakuu, yule mzee alikuwa na furaha. Sijawahi kuona mtu amefurahia suruali yangu namna ile.

Kisha akavua miwani, akageuka.

"Denis. Ya kwako iko wapi?"

Denis akaitoa mfukoni, na tyubu yake. Musa akaitoa Namba Mbili, sebule ikanuka saumu. Mzee akachukua Namba Mbili kuifungua. Akashindwa. Akajaribu tena kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo ikamtoka, akashindwa. Akaiweka chini kwa upole.

Hapo ndipo nilipomwonea huruma kweli.

"Mimi miaka yote natafuta makosa ndani ya sifa," akasema. "Huyu anasema inafunguka laini sana, nakaza. Huyu anasema haifunguki ovyo, nalegeza. Jeshini mtu akikuambia bunduki iko mzuri na haiko mzuri, mtu anakufa. Sasa nyinyi mlitaka niende kuuzia watu hii?"

Musa akajitetea, akasema yule kijana wa zamani si alisema ukweli akafukuzwa?

Mzee akamshangaa.

"Yule? Yule alisema kisu mbaya, halafu akanirudishia na grisi yangu juu yake. Hakuifungua hata siku moja. Mtu hawezi kujaribu kitu, nimpe mtoto wangu?"

Kwa hiyo, wakuu, nyumba nzima ilikuwa inamuogopa mzee kwa sababu ya hadithi ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Akanigeukia. Nikajua sasa hukumu inakuja, nami nimesimama na leso ya mama yake Stella.

Akawaambia wazee kwamba mimi pia ni mwongo, tena mwongo mzuri kuliko hawa wawili, mpaka kisu chenyewe kimekataa kuvumilia. Watu wakacheka. Akaacha wamalize.

"Lakini kisu imetumika," akasema. "Na alipoona imeharibika, alisema. Tuendelee."

Pazia likapiga vigelegele.

Mambo mengine yote ya posa niliyamaliza ndani ya leso ile. Picha zipo kwenye grupu la familia, na katika kila picha mjomba anaangalia upande mwingine. Bado hajanisamehe. Anasema ndoa inayoanza hivi haina jina katika mila yoyote anayoijua.

Namba Nne ilipotoka, mzee hakumpa mkwe. Alimpa mkewe, ambaye kumbe miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama akamenya ndizi asubuhi moja, akakirudisha kibandani. "Loki iko sawa. Haikati." Stella anasema siku ile baba yake alishinda akipiga mluzi.

Nilichojifunza: ukimsifia mtu kazi mbovu kwa kumheshimu, humheshimu, unamwacha peke yake nayo. Na usiweke kitu cha majaribio mfuko wa mbele.

Nanyi semeni, wakuu. Ni kitu gani cha wakwe mnakisifia kila mkienda na mnajua hakifai? Mwageni hapa, wazee hawasomi majukwaa haya.

Na kama wewe umejiunga kimya kimya, Mzee Olum: Namba Tano inakwama. Nakuja nayo Jumapili.