Nguzo Zilizovuka Kijito

Kijiji chetu, huku upande wa Uriri, kilianzishwa na mtu asiye na subira. Si maneno yangu, ni ya Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, kwa hivyo ukitaka kubisha, ugomvi ni wako na yeye. Anasema mwanzilishi wetu alikuwa kitinda mimba kwao, ng'ambo ya kijito. Kwa mila zetu kaka mkubwa hujenga kwanza, wadogo wanafuata kwa foleni kama watoto wanaongoja uji. Kaka zake wakajivuta. Yeye akabeba nguzo, akavuka maji, akajenga huku penye fisi na miiba. Sasa tuna Wasabato, tuna Wakatoliki, tuna kinu cha posho kinachokohoa tangu alfajiri, na uwanja wa mpira ulioinama hivi kwamba timu inayoelekea bondeni hufunga mabao isiyoyastahili.

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi kuliko wimbo wa taifa, maana nilikuwa nalala kwa Dani. Shida ndiyo hiyo. Nyumba ya nyanya ni ya wasichana na watoto wadogo. Mimi niko kidato cha pili, sauti imeshavunjika, na bado nalala mkekani katikati ya binamu wanaokojoa. Shuleni waliniuliza kama Dani ameshanisuka nywele.

Vijana wa rika langu wote walikuwa na simba, kile kibanda cha mvulana karibu na lango la boma. Mimi sikuweza kujenga kwa sababu kaka yangu hajajenga. Yeye alikuwa chuo cha ualimu, na likizo alilala kwa rafiki yake sokoni.

"Nikijenga tu," alisema, "kesho yake mtaniuliza bibi arusi yuko wapi."

Likizo ya Agosti nikamvaa Dani akimenya karanga.

"Dani, si wewe unasema mwanzilishi hakungoja kaka zake?"

"Nasema."

"Na mnamsifu mpaka kanisani!"

"Nyakwara, mjukuu wangu, yeye alivuka maji. Bomani kwa baba yake hakuchomeka hata kijiti. Ukitaka kumruka kaka yako, kijito kile pale. Hakijahama."

Binamu wakacheka mpaka karanga zikamwagika. Dani alidhani amenifunga mdomo. Maskini, alikuwa amenipa kibali.

Asubuhi nikaita vijana wa timu yetu. Tukajitwika nguzo, fito na kamba za katani, tukapita katikati ya kijiji makusudi, tukiimba kama tunaenda fainali.

"Mnahamisha msitu?" akauliza mama muuza samaki.

"Naanzisha kijiji kipya, mama! Anayetaka kiwanja aje mapema."

"Niwekee pa kuuzia. Hapa wananibonyezea samaki mpaka macho yanawatoka, halafu wananunua sukuma wiki."

Ng'ambo tulimkuta mzee akipalilia viazi, mjukuu wa wale kaka waliojivuta. Akaegemea jembe, akatuangalia tukivuka na nguzo kichwani.

"Mwingine tena?" akasema. "Nyinyi watu wa huko hamjajifunza kungoja?"

Lakini akatuonyesha pa kuchimba, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Shimo la kwanza halijafika magotini, kaka akatokea mbio, shati la pasi limelowa jasho. Habari zilikuwa zimefika sokoni kabla hata hatujalowa miguu, na kwetu hakuna aibu kama kifungua mimba kumfanya mdogo wake ahame.

"Omera, ndugu yangu, toa hiyo nguzo! Watu wananiuliza kama nimekufukuza!"

"Hujanifukuza, kaka. Nimehama tu. Karibu mgeni, chai bado."

"Toa, nimesema!"

"Halafu nilale wapi? Kwa Dani? Ndevu hizi?"

Akatazama shimo. Akazitazama ndevu, kwa shida kidogo, maana zilikuwa chache. Akavua viatu.

"Rudisheni nguzo nyumbani. Yangu inaanza leo, yako inafuata. Na atakayenitajia bibi arusi, nitamkandika ndani ya ukuta."

Baba alionyesha kiwanja, kaka akasimamisha nguzo yake ya kwanza, Dani akapiga vigelegele hadi kuku wakapanda paa. Kijiji kizima kilikuja kukandika; hata fundi baiskeli alizama kwenye udongo hadi viwiko, na mama samaki akatulisha nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kwenye ile sufuria kubwa ya misibani. Kibanda cha kaka kilipoisha, wakageukia changu. Dani alizunguka akigonga ukuta kwa fimbo.

"Umepinda."

"Ni mtindo, Dani."

Mchana kweupe nikaubeba mkeka wangu. Nilizunguka boma lote, ili nionekane na wote, binamu nyuma yangu wakigombania nafasi niliyoiacha. Nikaingia. Nikaufunga mlango wa bati, nikaufungua, nikaufunga tena kwa kishindo. Hakuna aliyeniambia niache kelele.