Fundi Alale Kwanza Ndani

Haji Swaibu anakodisha mahema Mbarara, na ana sharti moja: fundi alale kwanza ndani ya alichokishona. Mimi ni fundi cherehani wa Kashojwa, huku kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilikuwa nimemshonea hema moja la mfano; lisipovuja, angenipa mengine kumi. Kwa miezi kadhaa cherehani yangu ilishona viraka tu, kwa hiyo nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi asubuhi, nikifunga mzigo, mke wangu Nabintu alisimama mlangoni. Tulipofika kutoka Kivu ya Kusini tulilala chini ya turubai muda mrefu, na siku tulipoezeka nyumba aliapa kutolala tena chini ya kitambaa. "Turubai tulikimbia," alisema, "na weye unairudilia kwa kupenda?" Nilimjibu kwamba ni kazi. Akanipa ufunguo wa nyumba, maana yeye alikuwa anaenda kwa dada yake mpaka nirudi.

Saa sita nilifika Kakiika, nyumbani kwa Haji. Tulikula, akaswali, tukaingia garini mwake kuelekea Hifadhi ya Ziwa Mburo, wateja wake wanakopiga kambi. Njia nzima alinisimulia wateja wake wakorofi. Haji ni mtu wa maneno.

Ziwani, askari wa wanyamapori alituvusha kwa boti ya injini hadi kisiwani. Viboko walituangalia kama wenye nyumba waliojiwa na wageni bila taarifa. Kisiwa chenyewe ni kidogo: migunga, nyasi fupi na ndege wengi. Hakuna anayeishi hapo.

Nilipomaliza kusimamisha hema, nilishtukia mikono yangu inachimba mfereji kulizunguka. Kambini ndivyo tulivyojifunza: hema bila mfereji ni bwawa. Askari akanishika bega. "Mzee, hapa kuchimba hapana. Iko sheria ya paki." Nikafukia, roho juu. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika.

Mvua ilianza tulipomaliza ugali. Nililala macho wazi, nikipapasa mshono mmoja baada ya mwingine. Yote nilikuwa nimeipaka nta ya mshumaa, lakini niliogopa, nasema kweli. Haji alikoroma kando yangu.

Alfajiri hema lilikuwa kavu ndani. Haji alipapasa pembe zote nne, akafika kwenye mfuko mdogo wenye zipu, juu ya mahali pa kichwa.

"Hii mfuko ni ya nini, fundi?"

Nikamweleza. Mvua ya kwanza kambini, Nabintu alikesha ameketi, karatasi zetu zote kifuani, kwa sababu hapakuwa na mahali pakavu pa kuziweka. Haji akapitisha kidole juu ya zipu, mwanzo hadi mwisho.

"Weka kwa zote kumi," akasema.

Jioni, Kashojwa, nilimkuta Nabintu amekaa nje ya mlango, mguu juu ya mguu.

"Maji iliingia?"

"Hata tone."

Nikamwambia habari za kazi. Alifurahi, lakini alikuwa na swali lingine. Mfuko ule aliniona nikiushona, wala hakuniuliza chochote.

"Na mu ule mufuko, uliweka nini?"

Safari nzima sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Karatasi nilikuwa nimeziacha sandukuni; usiku ule nilitia humo kitu kimoja tu, bila kufikiri.

"Ufunguo wa nyumba," nikasema, nikafungua mlango.